Mwanamke Aliyerusha Mawe ya Barafu

Mvua ya mawe ina namna yake ya kubisha hodi. Haianzi kwa ngurumo kama wengi wanavyodhani. Huanza na tone moja gumu kwenye bati, tak, halafu kimya, halafu mengine mawili upande wa jikoni, tak tak, kama mtu anayeyajaribu mabati kabla ya kuyanunua. Wenzangu hapa Kiplombe, pembeni mwa Eldoret, wakisikia hivyo hukimbilia nguo kwenye kamba, au ndama, au gari kama wanalo. Mimi hukimbilia jiwe. Nataka kujua kwanza liko wapi, ndani au nje. Najua maneno haya yanasikika vipi. Nimemaliza kidato cha nne, cheti kipo kwenye sanduku chini ya kitanda, na jiografia nilipata alama isiyoniaibisha. Mvua ya mawe najua inatoka wapi. Lakini nisikilize kwanza, ndipo ucheke.

Msimu ninaousema nilikuwa darasa la saba na mahindi yalikuwa yamefika magotini. Katika boma letu kulikuwa na nyumba mbili: ya mbele tuliyokaa mimi na Mama, na ya nyuma, ya vyumba viwili na veranda ya simiti, ambayo Mama alikuwa akiipangisha. Mwalimu aliyekaa humo alikuwa amehamishiwa Moiben, na nyumba ikakaa wazi mpaka siku gari la shule ya wasichana lilipoingia na kumteremsha mzungu mmoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana, goti moja linamsumbua, na kreti ya vitabu ambayo wanaume wawili waliibeba wakinung'unika. Jina lake Morag, kutoka Scotland. Mama alimwita Madam Moraki tangu siku hiyo na hakujisahihisha kamwe. Dereva wa shule ndiye aliyetuachia tatizo. Kabla ya kuondoka alimnong'oneza Mama kwamba huyu si mwalimu hivi hivi, kwao alikuwa mwanamichezo mkubwa, ameshindana mpaka nchi za mbali. Mama alimwangalia Madam akipanda ngazi mbili za veranda huku ameshikilia ukuta.

Hapa Eldoret, mji wa wakimbiaji, mwanamichezo hatumuulizi cheti. Tunamjua kwa miguu, hata akiwa amekaa kanisani kiti cha nyuma na koti refu. Ni mwembamba, shavu limeingia ndani, na saa kumi na mbili asubuhi tayari ametoka Kiplombe, ameenda mahali ambako wewe huendi bila nauli, na amerudi. Mimi mwenyewe nilikuwa aibu ya ukoo kwa jambo hilo. Kwenye mbio za shule nilikuwa nafika wakati walimu wameshakunja kamba, na mwaka mmoja nilifika nikakuta wameenda kula. Kwa hiyo nilifurahi kiasi kumwona bingwa mwenye mwili kama wa mtu wa kusukuma trekta lililokwama. Alitia sukari vijiko vitatu kwenye chai, na asubuhi hakukimbia kwenda popote. Nilimpenda. Lakini kumpenda mtu hakukuzuii kumtilia shaka, na sisi tulianza na swali moja tu: bingwa wa nini?

Jioni, saa kumi na moja hivi, watu walikuja kwetu kuchukua maziwa. Mama Atieno alikuja na chupa yake. Yeye na mumewe walikuwa wametoka upande wa Kisumu, na alikuwa akifagia wodi katika hospitali moja mjini. Mzee Birgen naye alikuja, jirani yetu wa upande wa chini, mzee wa kanisa, mwenye mahindi yaliyopakana na ua wetu. Mzee alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe. Alikuja na mkebe mtupu na mara nyingine akarudi nao mtupu, kwa sababu nyumbani kwake maziwa yalikuwepo ila habari hazikuwepo. Jioni moja Madam alitoka kuchukua maziwa yake, na Mama, aliyekuwa ametangaza kanisani kwamba mtoto wake ameongoza Kiingereza, akaona hii ndiyo nafasi. Akaniambia nimuulize Madam kwao alikuwa anacheza nini.

Madam alifurahi sana. Alieleza kwa mikono miwili, akainama, akanyoosha mkono mbele kana kwamba anamsukumia mtu sahani chini ya meza. Kiingereza alichotumia kilikuwa rahisi, kila neno nililijua, na hapo ndipo penye shida, kwa sababu mtoto aliyejua kila neno hawezi kukubali kwamba hajaelewa. Kwetu ndani ya boma, ukiwa na Mama Atieno, lugha ni Kiswahili ili asiachwe mtu nje. Basi nikajikohoza, nikasimama kama msomaji wa taarifa ya habari, nikatafsiri.

"Anasema walikuwa wanawake wanne. Kazi yao ilikuwa kurusha mawe ya barafu. Mmoja anarusha, wengine wanafagia njia ili yaende mbali. Na wanashinda mawe yakiingia ndani ya nyumba."

Sijui kama unaelewa nilichokifanya. Kwetu, ukisema mawe ya barafu, hakuna anayefikiria mchezo. Mtu anafikiria alasiri ya mwezi wa saba, mahindi yametoa maua, halafu dakika kumi tu, na baadaye unasimama shambani unaangalia vijiti. Mzee Birgen aliweka mkebe chini.

"Nyumba ya nani?" aliuliza.

Nikamuuliza Madam. Akacheka, akasema nyumba ni moja, wote wanailenga hiyo hiyo. Nikatafsiri na hilo, kwa uaminifu mkubwa. Mama Atieno yeye alikuwa bado amekwama nyuma kidogo, kwenye ufagio. Alitaka kujua hao wanaofagia wanapata nini. Nikamwambia wanapata medali.

"Mimi nimefagia wodi miaka kumi na sita," alisema. "Medali yangu iko wapi?"

Walicheka wote, Madam akacheka zaidi yao bila kujua kinachochekwa, na ungedhani mambo yameishia hapo. Hayakuishia. Siku chache baadaye Madam alifungua ile kreti, na ndani yake, chini ya vitabu, limeviringishwa kwenye sweta kuukuu, kulikuwa na jiwe. Si jiwe la kuokota. Lilikuwa la mviringo, limebonyea juu na chini, laini kama sabuni iliyotumika, na juu yake mshikio mwekundu kama wa birika. Uzito wake ni kama debe la mahindi. Wenzake wa timu walimpa siku alipoacha kucheza. Kiplombe mawe yamejaa, tunayapiga jembe kila mwaka tukiyatukana, na hapa mtu amevuka bahari na lake. Mama Atieno alisema labda ni sampuli, ametumwa kuja kulilinganisha na yetu. Mzee Birgen alilizunguka mara mbili, na Mzee akizunguka kitu ujue anahesabu.

Kisha kukawa na asubuhi zake. Nilipopita kwenda zizini nilimkuta ameipaka veranda polishi nyekundu mpaka inang'aa, amevaa soksi ya sufu mguu mmoja, goti zima limekunjwa, mguu wenye goti bovu umenyooshwa nyuma, tumbo karibu liguse simiti, anateleza taratibu kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo na mkono mbele. Halafu anainuka kwa shida, anarudi, anateleza tena. Alikuwa pia na ufagio usio na nyuzi, una kitambaa tu mwishoni. Nilijiambia ni mazoezi. Lakini nilijiambia hivyo nikiwa nimejificha nyuma ya tangi la maji, na mtu anayeamini hajifichi nyuma ya tangi. Majirani nao walianza kupitapita. Wakamuuliza Madam, kupitia kwangu, kuhusu mawe, kuhusu barafu, kama anaweza kurusha mbali, kama anaangalia mawingu. Yeye, maskini, alidhani amepata washabiki. Aliniambia hajawahi kuishi mahali ambapo watu wanaupenda mchezo wake hivi. Kwao, alisema, hata jirani yake hakujali.

Ikaja siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, wingu limetoka upande wa Timboroa likiwa na rangi ya kijivu ya sufuria lililoungua chini. Tak, kimya, tak tak, halafu dunia yote ikawa bati. Ilipiga kiasi kwamba mimi na Mama tulikuwa tunaonana midomo tu. Ilipokatika, nilifungua mlango nikakuta boma letu jeupe, kutoka ngazi za jikoni hadi kwenye ua. Baridi ilinuka majani yaliyopondwa. Na kabla sijatoa mguu nje, mlango wa nyumba ya nyuma ulifunguliwa, Madam akatoka mbio. Nasema mbio, na goti lile. Amekumbatia jiwe kifuani, machozi yanamtoka na anacheka. Alipiga goti juu ya yale mawe meupe, akaliachia. Lilienda. Lilipita katikati ya boma likinguruma polepole, sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, kama ng'ombe anayetafakari. Na Madam akanipigia kelele, kwa Kiswahili cha kitabuni ambacho hakikusahau adabu hata hapo: "Fagia, tafadhali! Fagia!"

Nikafagia. Usiniulize kwa nini. Ufagio wa njiti ulikuwa umeegemea mlangoni, nikauchukua, nikakimbia mbele ya jiwe nikifagia kama mtu anayefukuza kuku, na kwa mara ya kwanza maishani niliona kitu kinakwenda mbali kwa sababu ya juhudi zangu. Lilisimama karibu na ua. Nilipoinua kichwa, Mzee Birgen alikuwa amesimama upande wa pili, kofia mkononi, viatu vimejaa tope. Alikuwa ametoka kuangalia mahindi yake. Hayakuwepo. Mawe yalikuwa yamepiga mkanda mmoja, kama yanavyofanya siku zote, yakalala boma letu, shamba lake lote na kipande cha jirani, na sukuma wiki ya Madam, mboga aliyoipanda ukutani chini ya ukingo wa paa, ilikuwa imesimama wima pale pale, imeoshwa tu. Mzee aliangalia sukuma wiki, akaangalia jiwe, akaniangalia mimi na ufagio wangu.

"Na wewe pia, Jelimo," alisema, akageuka, akaenda.

Mama hakunichapa, jambo ambalo liliniogopesha zaidi. Jumamosi Mzee Birgen alikuja na wazee wawili wa kanisa, na Mama Atieno akaja naye kwa sababu alikuwepo siku ya kwanza na alisikia. Walikaa sebuleni, wakapewa chai, wakasali kwanza. Kisha Mzee akasema waziwazi, bila hasira, kwamba yeye hana ubaya na mtu, lakini mpangaji huyu ahame kabla ya mwezi kuisha. Amekiri mwenyewe kazi yake, tena kwa mdomo wa mtoto wa nyumba hii. Wasipomwondoa sasa, mwaka ujao shamba la nani litapigwa? Na kama Mama Jelimo atamweka, basi aelewe kwamba majirani hawatakanyaga tena hapa, wala kwa maziwa wala kwa matanga. Mama alikuwa mjane. Mtu akimwambia mjane kwamba hatamzika mtu wake, hiyo si hotuba ndogo. Alizungusha kikombe chake kwenye sahani. Mwishowe akasema sawa, lakini hawezi kumhukumu mtu ambaye yuko hatua ishirini kutoka hapa. Aitwe.

Madam aliitwa, na alikuja na jiwe. Tangu afike, kila aliyemwita alitaka kulizungumzia, sasa angejuaje? Alikuwa hata amevaa sweta la timu yake ya zamani, la buluu, limechakaa viwiko. Akasalimia kila mtu shikamoo, hata Mama Atieno ambaye alikuwa mdogo kwake. Mzee Birgen akanigeukia.

"Muulize, na utafsiri vizuri. Kwao alirusha mawe ya barafu, au hakurusha?"

Hapo nilisimama katikati ya lugha mbili na kwa mara ya kwanza nikazisikia zote kwa pamoja. Nikimuuliza vile nilivyozoea, Madam atasema ndiyo, tena kwa furaha, na kesho yake atakuwa anafunga kreti ili ahame. Na nikisema ukweli, Kiingereza changu, ambacho Mama alikitangaza kanisani, kitalala chali mbele ya wazee wa kanisa hilo hilo. Niliangalia sweta. Viwiko vile ndivyo vilivyonishinda.

"Mzee, nilikosea mimi," nilisema. "Si mawe ya barafu. Ni mawe juu ya barafu."

"Tofauti iko wapi?"

"Jiwe ni hili. Barafu iko chini, imeganda kama sakafu. Haishuki kutoka mahali."

"Na nyumba?"

"Ni duara, limechorwa. Wanaliita nyumba."

"Mtu mzima anaita duara nyumba kwa nini?"

Mmoja wa wale wazee akasema mtoto anamtetea mwalimu wake, si alionekana akifagia? Mama hakuniangalia. Ikabidi nimgeukie Madam, nimwambie yote kwa Kiingereza nilichobaki nacho: kwamba wanadhani mvua ile ni yake, kwamba kosa ni langu, kwamba awaambie aliucheza huo mchezo vipi tangu mwanzo. Nilimwona akielewa. Uso wake ulizunguka sebuleni mtu kwa mtu, washabiki wake wote. Kisha akaliweka jiwe sakafuni, akakaa, akaanza, na mimi nikatafsiri neno kwa neno, nikilishika kila moja kwanza kabla ya kulitoa.

Alianza akiwa na miaka tisa, kwenye bwawa la ng'ombe la baba yake, majira ya baridi kali maji yakigeuka sakafu. Baadaye akajiunga na timu ya mji wao, wakicheza ndani ya jengo ambalo barafu hutengenezwa kwa mashine. Alifundisha mchana na kufanya mazoezi alfajiri, akafanya hivyo miaka mingi kuliko niliyokuwa nimeishi. Walisafiri, wakashinda hapa, wakashindwa pale, wakapata medali za ngazi ya chini ambazo hakuja nazo. Mara mbili walifika fainali ya nchi yao, ambayo ukishinda unakwenda kuiwakilisha nchi nje. Ya kwanza walishindwa vibaya. Ya pili walifika hadi jiwe la mwisho kabisa, na la mwisho lilikuwa lake. Wenzake walifagia mpaka mmoja akaanguka. Lililofuata alilisema kwa Kiswahili, mwenyewe, bila kunihitaji.

"Jiwe langu halikufika."

Chai ilikuwa imeshapoa. Baada ya mwaka mmoja goti lilikataa kabisa, akaacha, akatafuta kazi mahali ambapo hakuna barafu ya kumkumbusha. Akaambiwa Eldoret, Kenya. Hakuna aliyemweleza kwamba hapa barafu hushuka yenyewe.

Mzee Birgen alikuwa ameinama, viwiko magotini. "Lilipungua kiasi gani?" aliuliza.

Nikamuuliza. Madam akainua mikono miwili, akaiweka mbele yake, kati ya kiganja na kiganja urefu wa kiatu. Mzee aliiangalia ile nafasi kwa muda. Kila mtu Kiplombe alijua, ingawa hakuna aliyelitaja mbele yake, kwamba katika ujana wake Mzee alikimbia mchujo wa kwenda nje, wakachukuliwa watatu, na yeye alikuwa wa nne. Kila ukoo hapa una wa nne wake. Huwa hatumpigii makofi wala hatumsahau.

"Kama angekuwa mwongo," aliwaambia wenzake, "angejipa dhahabu."

Akanywa chai yake iliyopoa yote kwa mara moja, akavaa kofia. Mama Atieno yeye alitaka tu kuelezwa kama yule aliyeanguka akifagia alilipwa matibabu. Walipofika getini nilidhani yamekwisha. Mzee akarudi hatua mbili.

"Mama Jelimo, nimeamini," alisema. "Lakini hilo jiwe, wingu likija, liwe ndani ya nyumba. Sisemi kitu. Nasema tu."

Madam alikaa nasi miaka miwili zaidi, kisha baba yake akaugua, akarudi kwao. Jiwe aliniachia mimi, mfagiaji wake wa mwisho. Mama amepumzika sasa. Wenzangu wa darasa wako Nairobi, wengine Doha, mmoja amekimbia mpaka amejenga ghorofa mjini. Mimi nimebaki katika boma hili hili, na umbali mrefu ninaoenda ni sokoni, tena nikirudi nalala kidogo. Simu yangu imenionyesha mchezo ule. Nimewaona wanawake wakipiga goti na kupiga kelele, nimeliona duara, na bado sielewi kwa nini ni nyumba. Watu wa hapa hawaji tena na chupa za maziwa jioni. Shaka zetu zimehamia kwenye kundi la simu la majirani, ambako gari likiegeshwa robo saa mtu anatuma picha yake, mwingine anaandika "huyu ni nani," na kabla dereva hajashuka ameshahukumiwa na watu thelathini ambao hakuna hata mmoja aliyemwona. Zamani aliyekushuku alilazimika kuja kwako, akae, asali, anywe chai yako, akuulize ukimwangalia. Ndiyo maana ilikuwepo nafasi ya mtoto kusimama na kusema nilikosea mimi. Kwenye simu ningelisemea wapi hilo?

Juzi, nikiwa nimejifunika blanketi mchana kweupe kama ilivyo desturi yangu, niliisikia. Tak. Kimya. Simu ikalia. Mzee Birgen siku hizi hatoki, sauti imekuwa nyembamba kama uzi, lakini masikio yake kwenye mabati ni mazima.

"Jelimo. Liko ndani?"

Lilikuwa kwenye veranda, linazuia mlango usijipigize. Nikamwambia angoje. Nilivaa soksi, nikaliweka juu ya gunia, nikalivuta nikihema mpaka likavuka kizingiti, nikarudi kwenye simu nikamwambia liko ndani ya nyumba. Akakata bila kuaga. Nikafunga mlango, nikakaa sakafuni karibu nalo, mimi na cheti changu cha kidato cha nne, tukisikiliza bati. Tak tak, upande wa jikoni. Nikainuka, nikalisukuma mbele kidogo tena, ndani zaidi, urefu wa kiatu, tusije tukalaumiana.